Kiraka cha Mkono wa Kushoto

Abasi wa Studio Abasi alikuwa mtu wa kupendwa mjini Rumonge, na alilijua hilo kupita kiasi. Duka lake lilitazama barabara ya kwenda Nyanza-Lac, mlango wa tatu baada ya wauza mawese, na kila aliyetaka picha ya kitambulisho, ya pasi ya kusafiria au ya kumtumia mchumba alipita kwake. Alivaa kofia kisogoni mbele, mbele kisogoni, ili isigongane na kamera, na aliivaa hivyo hata siku za kwenda kununua ndagala wa ziwani. Sasa, kulikuwa na jambo moja ambalo watu wa Rumonge hawakulijua. Picha zilizomfanya apendwe, zile za maharusi na za komunyo ya kwanza, hakuzipiga yeye. Alizipiga mkewe, Warda. Abasi alipiga mhuri tu nyuma ya picha.

Tusimwonee lakini. Mambo hayo yalianza kwa heshima kabisa. Katika harusi za Waislamu wa mtaani kwake, mwanamume hakanyagi upande wa wanawake. Kwa hiyo mwaka ule walipooana, Abasi alimwonyesha mkewe kitufe cha kubonyeza, akampa kamera, akamwambia aende kule ndani apige atakachoweza. Warda akaenda. Aliporudi na picha, Abasi alizitazama akanyamaza, akamtuma tena wiki iliyofuata. Kisha masista wa parokia wakaja kutafuta mwanamke wa kuwapiga picha watoto wa komunyo, maana mabinti wadogo wanahitaji mtu wa kuwanyooshea magauni na kuwafuta pua. Warda akawa anasimama uani mwa kanisa na mtandio wake kichwani, akipanga watoto wa Kikatoliki mistari kwa mistari, na hakuna aliyeona ajabu: walidhani Abasi ameshaipima kamera nyumbani, mkewe ni wa kubonyeza tu. Abasi kazi hiyo hakuitaka. Yeye alipenda kupiga wakubwa wakikata utepe.

Picha za Warda zilikuwa na kitu ambacho za studio nyingine hazikuwa nacho, nacho ni uso. Jambo dogo hilo, lakini jaribu wewe. Mtoto mweusi ukimvika gauni jeupe ukamsimamisha juani, kamera inauona ule weupe, inaogopa, inapunguza mwanga, na mama wa watu anakabidhiwa picha ya gauni lenye meno. Kwa Warda, gauni lilikuwa jeupe na mtoto alikuwa mtoto, macho yake, mashavu yake, hata kovu la tetekuwanga. Wazazi waligeuza picha, wakasoma mhuri, wakaja kumpa Abasi mkono. Mara ya kwanza alitaka kuwaambia ukweli. Mara ya pili alikuwa na haraka. Mara ya tatu akasema murakoze, asanteni, na kuanzia hapo akawa anasema murakoze.

Miaka ishirini ikapita namna hiyo. Kisha mwaka jana, mwezi wa pili, simu yake ikapokea sauti kutoka namba ya Ubelgiji.

“Amahoro papa Abasi. Mimi ni Ineza, mutoto wa Agnesi wa Gatete. Mulinipiga foto ya komunyo, ule mwaka tulirudi toka Tanzania. Papa, niko naomba munisaidie mu kazi.”

Kazi yenyewe Ineza aliieleza taratibu, kwa Kiswahili alichokulia katika kambi ya wakimbizi Tanzania. Maabara aliyofanya kazi ilikuwa imepewa jukumu la kuchagua kamera ambayo wanaanga wangeibeba katika safari ya kuuzunguka mwezi. Kamera zilibaki tatu mezani. Wanaanga wale walikuwa wanne, na mmoja wao, mwanamke, alikuwa mweusi. Siku ya kuondoka na siku ya kurudi wote wangekuwa wamevaa suti nyeupe, na jua la huko juu, kule dirishani, ni kali kupita la Rumonge saa sita mchana. Walipojaribu, yule mwanamke alitoka mweusi tii kama sufuria ya kuni. Kamera ya kwanza, ya bei kubwa kuliko zote, ilijisifu kwamba inatafuta nyuso yenyewe. Ilitafuta uso wake, ikaukosa, ikachagua kofia.

Mkubwa wa Ineza alisema si neno, picha zitarekebishwa kwenye kompyuta. Ineza akakataa. Alisema picha zile zitarushwa duniani saa ile ile, watoto watazitazama kabla mtu hajazigusa, na mtoto mweusi atamtafuta mwenzake asimwone. Akatoa picha yake ya komunyo akaiweka mezani. Akawaambia: aliyepiga hii hakuwa na kompyuta, alikuwa na kamera mbovu na watoto sitini. Na nyuma ya picha, herufi za zambarau, Studio Abasi, Rumonge.

“Papa, wanataka kujua. Katika hizi tatu, weye ungechagua gani? Na ungefanya namna gani?”

Abasi alisikiliza ile sauti mara tatu, simu akiwa ameibandika sikioni. Warda alikuwa hatua tatu kutoka pale, akikata picha za pasi kwa mkasi. Ilitosha kusema neno moja, “Sikiliza hii,” na kunyoosha mkono. Hakunyoosha. Aliona haya kidogo hapo hapo, haya ile nyepesi ambayo mtu huimeza pamoja na mate, akasema moyoni kwamba atamwambia jioni.

Jioni walikula ugali na ndagala, na Abasi akauliza kama mtu anayeuliza habari za majirani.

“Mama Fahima, kule komunyo, unafanyaga nini juu sura ionekane?”

Warda aliacha kutafuna. Katika miaka ishirini mumewe hajawahi kumuuliza swali hilo, na furaha ilimpanda usoni hadi Abasi akatazama sahani yake.

“Iko rahisi,” akasema Warda. Akanawa, akainua mkono wa kushoto, mgongo wa kiganja ukielekea taa. “Nguo inadanganyaka. Usiulize nguo, uliza ngozi. Naweka mukono wangu mbele ya lensi, hivi, mu jua ile ile mutoto iko ndani. Kamera inapima mukono. Nafunga ule mwanga imepima na kidole gumba, sikiachilie. Kisha nageukia mutoto, napiga.”

Abasi akamwonyesha kwenye simu picha za zile kamera tatu, alizotumiwa na Ineza. Warda hakukawia. Aliweka kidole juu ya ya tatu, iliyokuwa mbaya kuliko zote, ina magurudumu makubwa ya kuzungusha na kitufe kimoja kinene nyuma.

“Hii. Gumba linafika bila kuangalia. Ile ingine inafikiri sana. Ni ya nani?”

“Ya mutu fulani wa Bujumbura. Anataka kununua.”

Uongo huo ulitoka laini, bila hata kumkwaruza koo. Usiku haujaingia, Abasi alikuwa ameshatuma jibu Ubelgiji kwa sauti yake mwenyewe, maneno ya Warda yote, hadi lile la kamera inayofikiri sana. Kule wakacheka, wakapenda, wakajaribu. Ineza akaandika kwamba ilifanya kazi mara ya kwanza. Siri ya mtungi aijuaye kata, wahenga walisema, lakini hawakusema kata itafanyaje mtungi ukianza kujieleza wenyewe.

Habari haikukaa Ubelgiji. Ineza alimwambia mama yake, Agnesi, na kumwambia Agnesi jambo ni sawa na kulitangaza sokoni, maana sokoni ndiko anakokaa. Wiki haijaisha Abasi akawa Abasi wa Mwezini. Mkuu wa shule, Isaka, mlokole mpole aliyefundisha miaka mingi kambini na hadi leo anasema Kiswahili cha Kigoma, alikuja mwenyewe studio. Kumbe maabara ilitaka kuongea na Abasi ana kwa ana kwa njia ya visio, simu ya video, na Isaka akaomba mazungumzo yafanyike katika ukumbi wa shule, wanafunzi wapate kusikia.

“Ni faida kwa vijana, mzee Abasi. Waone kwamba hata kwetu kunatoka kitu.”

Ungemkatalia vipi mtu kama huyo? Abasi hakumkatalia.

Warda alizipata habari kwa Agnesi, kati ya mafungu ya nyanya. Alirudi nyumbani, akatua kapu, akavua viatu.

“Agnesi amenipa hongera. Anasema niko na bwana wa akili.”

Abasi alingoja. Alikuwa tayari kwa makelele, kwa machozi, hata kwa kufungiwa mlango. Mtu mwenye hatia hupenda kugombezwa, kwani hupunguza. Lakini Warda aliuliza tu, “Ni posho saa ngapi?” Posho kwao ni Jumamosi.

“Posho saa nane.”

“Bon. Nitakuja.”

Hapo Abasi akaona aibu ya kweli. Siku nne zilizobaki alizitumia kutunga sentensi moja. Aliisema akinyoa ndevu, akaisema akifungua duka, akaisema chini chini wateja wakitazama kamera: aliyepiga picha hizi ni mke wangu, Warda, na yeye ndiye atakayewajibu. Sentensi fupi, haina hata neno gumu. Nia alikuwa nayo, hilo nalisema bila kumpendelea. Alikusudia kuisema mwanzoni kabisa, kabla ya kupigiwa makofi, ili isionekane amelazimishwa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Masista walikuwepo, shehe alikuwepo, watu wa komine, wale wa serikali, walikuwepo safu ya mbele, na wanafunzi walibanana hadi madirishani. Rezo ya shule, mtandao wa intaneti, ilikuwa haipandi, kwa hiyo kompyuta ya Isaka ilivuta mtandao wa simu ya Abasi, iliyokuwa mfukoni mwake. Ukutani akatokea Ineza, mrembo, na pembeni yake wanaume wawili na mwanamke mmoja, wote Wazungu, wakipunga mikono. Watoto nao wakapunga.

Abasi akasimama. Sentensi ilikuwa kwenye ulimi, nakwambia. Lakini Isaka alimtangulia. Alisema kwamba Mungu haangalii ukubwa wa mji, kwamba jicho la mtu wa Rumonge limetakiwa mbinguni, na kwamba huyu hapa, mzee wetu, fundi wetu, hakwenda shule ya picha hata siku moja. Ukumbi ukapiga makofi marefu. Kilemba cha ukoka si kizito, ndiyo maana mtu huchelewa kukivua. Makofi yalipokwisha, Abasi alifungua kinywa, na kilichotoka ni habari ya mgongo wa kiganja.

Aliieleza vizuri. Aliinua mkono wake juu, akaugeuza mwangani, akasema usiulize nguo, uliza ngozi. Ineza akatafsiri, wale Wazungu wakaandika, watoto ukumbini wakainua mikono yao wakaitazama. Abasi akaona kwamba amevuka. Ile sentensi angeisema mwishoni, ndiyo, mwishoni ingependeza zaidi.

Ndipo yule mwanamke Mzungu akauliza swali. Ineza akalisikiliza, akatabasamu, akalileta.

“Papa Abasi, huyu anasema ni muzuri sana. Lakini mu chombo, ile saa ya hatari, wote wanavaa glavu. Glavu ni nyeupe. Mukono hauonekane. Sasa mupiga foto ataweka nini mbele ya lensi?”

Abasi aliutazama mkono wake kana kwamba ungemjibu. Hakujua. Maneno ya Warda aliyabeba, maana yake hakuibeba, na sasa maneno yalikuwa yamekwisha. Akainua macho, akamwona Warda safu ya tatu. Alikuwa amekwisha kunyanyuka kidogo kitini, mikono juu ya magoti, kama mtu kwenye bomba la maji ambaye zamu yake imefika. Hakuwa na hasira. Jibu alikuwa nalo, hata mgeni angeona kwamba analo. Kilichotakiwa ni Abasi kusema: muulizeni Warda.

Abasi akatia mkono mfukoni, akatafuta kwa kidole ile sehemu ya simu anayoijua hata gizani, akazima. Ukutani sura ya Ineza ikaganda, kisha ikatoweka.

“Rezo imekatika,” akasema Abasi.

Watu wakaguna. Rezo ya Rumonge imebeba dhambi nyingi na hiyo moja haikuizidi uzito. Shehe akatikisa kichwa, Isaka akahangaika na waya, wakubwa wa komine wakasema ndiyo hivyo hivyo kila siku. Hakuna aliyemtazama Abasi mfukoni ila mmoja. Warda aliketi tena, polepole, akashusha macho.

Walirudi nyumbani. Abasi alitembea nyuma yake hatua mbili, watu wakimpa pongezi njia nzima, na kila pongezi aliiona inamwingia Warda mgongoni. Walipofika, saa ya kuomba radhi ilikuwa imefika wazi kabisa. Alikaa, akavua kofia, na aliloliuliza ni hili:

“Na kama mikono iko mu glavu, unafanyaga namna gani?”

Najua. Hata mimi nikimsimulia natamani kumzaba kofi.

Warda alivua viatu. Kisha akaingia chumbani, akarudi na gauni la zamani la kijani, lile la kwendea harusini. Kwenye mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, palikuwa na kiraka cha ngozi ya kahawia iliyokolea, ukubwa wa kadi ya kitambulisho. Abasi alikijua kiraka hicho. Amekiona kwenye kamba ya nguo mwaka hadi mwaka, akikionea aibu, na siku moja alimwambia mkewe aache kuvaa viraka mbele ya watu, watasema mume hamtunzi.

“Kule kwa wanawake kunapakwa hina,” Warda akasema. “Huwezi kukataa hina ya bibi harusi, ni matusi. Wanakupaka mikono yote, wanafunga na vitambaa, unakaa hivyo masaa tatu, ine. Na mimi nimekuja kupiga foto. Basi napiga na mikono imefungwa. Ngozi yangu siioni tena. Ndiyo nilikata mukoba wa zamani, nikatafuta rangi ya shavu, nikashona hapa. Napima kiraka, nafunga mwanga, napiga. Na kamera, nilipochagua ile yetu kule Bujumbura, nilizunguka mukono na kitambaa kwanza, nione kama gumba linafika. Ulinicheka.”

Alikuwa amemcheka kweli. Muuza kamera naye alicheka, na Abasi alicheka zaidi ili muuzaji asimdhanie mshamba. Alikumbuka yote hayo akiwa ameshika ule mkono wa gauni, na aibu ikamjaa hadi masikio yakawaka. Nusu ya kazi aliyojivunia ilifanyika katika chumba ambacho hajawahi kukanyaga, na hata siku moja hakuuliza humo ndani kukoje. Warda alimjibu kila kitu, kwa sauti ile ile anayomjibia mteja anayeuliza picha zitakuwa tayari lini. Kisha akachukua gauni lake akalirudisha chumbani.

Na Abasi akatuma. Kesho yake asubuhi, sauti ya dakika mbili: pole kwa rezo, jibu langu ni hili, mimi hushona kiraka kwenye mkono wa shati. Shati, alisema, kwani hina angeielezaje.

Miezi ikaenda. Warda hakuacha kupika wala kukata picha wala kwenda harusini. Aliacha kitu kimoja tu, kumwonyesha mumewe picha alizopiga. Zamani akirudi alimwita, “Baba Fahima, ona hii.” Sasa aliziweka kwenye kompyuta, akaenda kulala. Abasi alizifungua peke yake, akazitazama, akapiga mhuri. Mhuri ulikuwa mzito.

Mwezi wa saba Ineza alikuja likizo. Alifika studio mchana na mama yake, Agnesi, amebeba kisanduku kidogo, akamkumbatia Abasi kwa furaha ambayo Abasi alishindwa kuirudisha.

“Papa, tulichagua ile ya tatu,” akasema. “Ile mulisema. Na muone hii.”

Kisandukuni mlikuwa na kitambaa cha kahawia kilichokolea, kimeshonwa pembeni kwa uzi mweupe. Walipima uso wa yule mwanaanga, Ineza akaeleza, wakatia rangi kitambaa kisichoshika moto, wakakishona kwenye mkono wa kushoto wa suti, kwake na kwa wenzake wote watatu. Akafungua simu akawaonyesha filamu ya mazoezi. Mwanaanga mmoja, Mzungu mwenye masharubu, anainua kamera kwa glavu, anaelekeza mkononi, na kabla ya kubonyeza anasema neno moja. Anasema Abasi.

“Ndiyo jina tumekipa. Mu karatasi ya hatua iko imeandikwa: moja, washa; mbili, pima Abasi; tatu, funga. Wote wanasema hivyo.”

Agnesi akapiga vigelegele. Abasi alitazama yule Mzungu akilitaja jina lake, na hakuwahi kuona jina baya kama lile. Alitaka simu izime, na safari hii hakuwa na cha kuzima.

Warda akaingia na kiti cha mgeni. Ineza akainuka, akamshika mikono miwili kwa upendo mkubwa.

“Mama Warda. Weye nakukumbuka. Ni weye ulikuwa unatupanga. Ulininyooshea gauni, ukanifuta hapa. Papa alikuwa anapima kamera, anakutuma kubonyeza, na weye unatupanga.”

“Ndiyo,” Warda akasema, akitabasamu. “Nilikuwa napanga.”

Alisema hivyo tu, kwa upole, na akaanza kupangusa kiti kwa kitenge chake ili mgeni akae. Hapo Abasi alishindwa. Alikuwa amestahimili makofi ya ukumbi mzima na Mzungu mwenye masharubu, lakini kumwona Warda akipokea kale kasehemu kadogo na kushukuru kulimzidi nguvu. Akakaa juu ya stuli ya wateja.

“Ineza, haikuwa mimi,” akasema. “Foto yako alipiga huyu. Zote alipiga huyu. Kamera ile alichagua huyu, nikamudanganya ni ya mutu wa Bujumbura. Kiraka ni ya huyu, anavaaga kule kwa hina. Na siku ile mu salle ya shule rezo haikukatika. Nilizima mimi, juu sikujua jibu na sikutaka kusema nani anajua.”

Agnesi alibaki na mkono mdomoni. Ineza akamgeukia Warda, na macho yake yalikuwa na haya yake mwenyewe, maana mikono ile aliikumbuka tangu utotoni, na hata yeye hakuwahi kufikiri kwamba ilifanya zaidi ya kupanga na kubonyeza.

“Mama, nitaandika,” akasema. “Lakini karatasi zimefungwa. Suti zimefungwa. Jina haliwezi kubadilika tena mbele ya safari.”

“Acha liende,” Warda akasema. “Huko juu nani ananijua? Mimi nilitaka wa hapa.”

Kisha akamgeukia mumewe. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile Jumamosi kumtazama usoni sawasawa.

“Baba Fahima. Ile siku ya salle nilivaa nini?”

Abasi akafikiri. Alimwona Warda safu ya tatu, alimwona akinyanyuka, aliiona mikono magotini. Nguo hakuiona. Mtu aliyekula maisha yake yote kwa kutazama watu, na hakujua.

“Sikumbuki,” akasema.

“Nilivaa kitenge ya harusi ya Fahima. Nilitia wanja. Nilimuomba sista tubadilishane viti, nikakaa pembeni ya njia, juu ukiniita nisisumbue watu kupita.”

Hakulia. Aliyelia ni Abasi, na hakuna aliyembembeleza.

Kesho yake alifunga duka mchana, akatoka kwenda kusema. Alianza kwa wauza mawese, akasema yote, hadi habari ya simu mfukoni. Walimsikiliza wakicheka, wakampiga bega. Bwana Abasi na mzaha wake. Akaenda kwa shehe, na shehe akamwambia kwamba mume anayempa mkewe sifa zake mwenyewe ana daraja kubwa. Akaenda shuleni. Isaka alimshika mkono kwa mikono yake miwili, macho yakimlowa.

“Unyenyekevu huu, mzee Abasi,” akasema, “ndio unaokuinua. Jumatatu nitawasimulia wanafunzi.”

Abasi alipandisha sauti. Aliapa. Kadiri alivyoapa ndivyo walivyompenda, na sokoni mwanamke mmoja alimwambia mumewe waziwazi ajifunze kwa yule. Agnesi alijaribu kumsaidia, lakini Agnesi amesema mengi katika maisha yake na watu hawamwamini tena.

Alirudi jua likielekea Kongo, kofia mkononi. Warda alikuwa mlangoni, ameketi, anasafisha lensi kwa ncha ya mtandio.

“Wamesemaje?”

“Wamesema niko bwana muzuri.”

Warda akapuliza vumbi la mwisho, akaitazama lensi mwangani.

“Basi kesho uende tena,” akasema.